Potasiamu kabla ya insulini: uchambuzi wa kisa chenye pH iliyofariji bure

Mwanamke wa miaka 31 mwenye kisukari aina ya kwanza, uzito kilo 52, analetwa kitengo cha dharura baada ya kutapika kwa siku nne. Tangu siku ya pili aliacha kujidunga insulini kwa hoja ambayo wagonjwa wengi huwa nayo: hali chochote, kwa hiyo sukari haiwezi kupanda. Ana kiu kali, anakojoa sana, na mapaja yamelegea kiasi kwamba hawezi kuinuka kwenye kiti bila kushikilia kitu. Presha 92/58, mapigo ya moyo 124 kwa dakika, anapumua mara 28 kwa dakika, pumzi ndefu na nzito zenye harufu ya asetoni. Joto 36.4, ulimi mkavu. Anajibu maswali sawasawa ila polepole.

Majibu ya kwanza: sukari 31 mmol/L, sodiamu 128, potasiamu 2.9, kloridi 82, bikaboneti (inayozimua asidi ya damu) 14, urea 14, kreatinini 148 µmol/L, ketoni za damu 6.1, lakteti 2.4, magnesiamu 0.62, fosfeti 1.0, albumini gramu 46 kwa lita. Gesi za damu ya ateri: pH (kipimo cha uasidi; ikishuka, asidi imezidi) 7.30, PaCO2 (shinikizo la kaboni dioksidi) 29 mmHg. Kipimo cha ujauzito ni hasi. (Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia, tarakimu zimepangwa ili hesabu zote zifuatike.)

Kwamba hii ni ketoasidosisi ya kisukari, yaani damu kujaa asidi za ketoni kwa kukosa insulini, hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye ukali wake. Kwa jedwali la kawaida la kupanga ukali, pH 7.30 iko ukingoni mwa hali nyepesi, na bikaboneti 14 inamweka mgonjwa kwenye kundi la wastani. Daktari aliyezoea kupokea wagonjwa wenye pH ya 7.05 ataitazama karatasi hii, atashusha pumzi, ataagiza dripu na insulini, kisha atahamia kitanda kinachofuata. Kwa mgonjwa huyu mpango huo unaweza kuua.

Kuisoma karatasi kwa utaratibu

Hatua ya kwanza ni kuhakiki kwamba tarakimu zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Ioni za haidrojeni kwa nmol/L ni 24 mara PaCO2, gawanya kwa bikaboneti: 24 × 29 ÷ 14 inatoa karibu 50, ambayo ni sawa na pH 7.30. Zinalingana. Zisipolingana, kosa liko kwenye sampuli, kwenye mashine au kwenye kunakili, na hakuna tafsiri ya kufanya mpaka kosa hilo lipatikane.

Pili, je, mapafu yanafanya kazi yake? Kanuni ya Winters inakadiria PaCO2 inayotarajiwa kwenye asidosisi ya kimetaboliki (asidi kuzidi kwa sababu isiyo ya mapafu): bikaboneti mara 1.5, jumlisha 8, zaidi au pungufu ya 2. Hapa inatoka 29, na kipimo kimetoa 29. Kwa hiyo upumuaji unafidia inavyotakiwa. Ingekuwa 36, namba ambayo kwa haraka inaonekana ya kawaida, ingemaanisha misuli ya kupumua imeanza kuchoka, na mtu mwenye potasiamu ya 2.9 ana kila sababu ya kuchoka misuli hiyo.

Tatu, pengo la anioni (ioni hasi zisizopimwa, zikiwemo za ketoni): sodiamu toa kloridi toa bikaboneti, yaani 128 − 82 − 14 = 32. Hutumika sodiamu iliyopimwa, si ile iliyorekebishwa kwa ajili ya sukari, kwa sababu sukari huvuta maji yanayopunguza mkolezo wa sodiamu na kloridi kwa pamoja. Wanaoweka sodiamu iliyorekebishwa hujiundia pengo kubwa lisilokuwepo.

Pengo la kawaida tuchukue ni 12. Limeongezeka kwa 20. Katika ketoasidosisi tupu, kila asidi moja inayoingia kwenye damu huongeza pengo kwa moja na kula bikaboneti moja, kwa hiyo bikaboneti ingeshuka kutoka 24 hadi karibu 4. Imeshuka hadi 14 tu. Ili mtu apoteze 20 na abaki na 14, ilibidi aanze na 34. Yaani kabla asidi haijaanza kujaa, au sambamba nayo, kulikuwa na kitu kingine kinachopandisha bikaboneti: alkalosisi ya kimetaboliki.

Hesabu hii ina udhaifu ambao hausemwi vya kutosha. Mgonjwa aliyekauka ana albumini iliyokolea, na albumini nayo ni anioni. Kila gramu 10 juu ya 40 hupandisha pengo kwa takriban 2.5, kwa albumini ya 46, pengo lake la kawaida ni kama 13.5, si 12. Ongezeko linakuwa 18.5 badala ya 20, bado karibu mara mbili ya bikaboneti 10 iliyopotea. Uwiano wa 1.3 ningeuachia kwenye makosa ya vipimo. Uwiano wa karibu 2 siuachii.

Tena kuna shahidi wa pili asiyehitaji pengo lolote. Kloridi huwa karibu robo tatu ya sodiamu, 104 kwa 140. Kwa sodiamu ya 128 tungetarajia kloridi ya 95. Iko 82. Kloridi 13 zimekwenda wapi? Zimetoka na matapishi, zikiwa asidi ya haidrokloriki. Kila ioni ya haidrojeni ambayo tumbo linamwaga kwenye chakula huacha bikaboneti moja upande wa damu. Kwa kawaida deni hilo hulipwa pale asidi inapofika kwenye utumbo na kongosho kumwaga bikaboneti ya kuizimua. Asidi ikitoka kwa mdomo, bikaboneti inabaki. Figo zingeweza kuitupa, ila mwili umekauka, kloridi imepungua, potasiamu imepungua na aldosteroni (homoni inayotunza sodiamu mwilini) iko juu; yote manne huziamuru figo zishikilie bikaboneti.

Basi pH 7.30 ni tofauti kati ya ugonjwa mkubwa unaoshusha na ugonjwa mwingine unaopandisha. Haionyeshi ukubwa wa yeyote kati yao. Pengo la 32 na ketoni za 6.1 ndizo zinazoonyesha kiasi cha asidi kilichomo.

Kuhusu sodiamu tusikae sana. Kila ongezeko la sukari la 5.6 mmol/L juu ya kawaida hushusha sodiamu kwa takriban 1.6, hivyo 128 yake ni sawa na 135. Osmolaliti inayofanya kazi (mkolezo wa damu unaovuta maji kutoka kwenye seli) ni 2 × 128 + 31 = 287, ambayo ni ya kawaida. Maana yake ya kitabibu: uzito wa akili wa mgonjwa huyu ukizidi, sukari isilaumiwe. Kupoteza fahamu kwa sababu ya osmolaliti huanza kutarajiwa karibu na 320. Ikitokea kwa 287, tafuta homa ya uti wa mgongo, sumu, kiharusi.

Potasiamu 2.9, na kwa nini ni mbaya kuliko inavyosomeka

Wengi wamefundishwa kwamba asidi husukuma potasiamu nje ya seli. Kwa asidi za madini hilo ni kweli. Kwa asidi za ketoni athari hiyo ni ndogo. Kinachopandisha potasiamu ya damu katika ketoasidosisi ni mambo mawili mengine: insulini haipo ya kuiingiza kwenye seli, na sukari nyingi huvuta maji nje ya seli, maji yakatoka na potasiamu. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa ketoasidosisi hufika na potasiamu ya kawaida au ya juu, ilhali mwili mzima umepungukiwa mmol 3 hadi 5 kwa kila kilo.

Huyu amefika na 2.9 wakati nguvu zote mbili bado zinaisukuma nje. Kwa kilo 52 makadirio ya kawaida yangetoa upungufu wa mmol 156 hadi 260. Kwake tuhesabu mwisho wa juu wa kipimo hicho, au kupita.

Na haikutoka kwa matapishi, ingawa ndivyo inavyodhaniwa. Maji ya tumboni yana potasiamu kidogo, kama mmol 10 kwa lita. Ilitoka kwenye mkojo, kwa njia tatu zilizofunguka kwa wakati mmoja. Sukari ilivuta maji mengi kupita kwenye neli za figo. Ketoni na bikaboneti, zote zenye chaji hasi, zilipita zikidai ioni chanya za kuandamana nazo. Na aldosteroni, iliyopandishwa na ukavu, ilikuwa ikibadilisha sodiamu kwa potasiamu mwishoni mwa neli. Magnesiamu ya 0.62 ikaongeza la nne: ndani ya seli za neli, magnesiamu ndiyo inayoziba kwa kiasi milango ya kutolea potasiamu, na ikipungua milango hubaki wazi. Mtu anaweza kumwaga potasiamu kwenye mshipa siku nzima bila kupanda kama magnesiamu haijarudishwa.

Kipimo cha umeme wa moyo kilithibitisha: mawimbi ya T yamelala, sehemu ya ST imeshuka, mawimbi ya U yanaonekana wazi kwenye V2 na V3, na muda wa QT ni mrefu. Ukisikia mapaja yamelegea na ukaona mawimbi ya U, huna haja ya kusubiri jibu la maabara ili uanze kuogopa. Tahadhari kuhusu maabara yenyewe: seli nyekundu zikipasuka ndani ya chupa, potasiamu hupanda kwa uongo. Jibu la 2.9 kutoka sampuli iliyopasuka lina maana kwamba ya kweli iko chini zaidi.

Sasa fikiria insulini ya vipimo (yuniti) 10 kwa mpigo, kama ilivyokuwa desturi zamani. Insulini huwasha pampu za sodiamu na potasiamu kwenye misuli na ini ndani ya dakika chache. Potasiamu ya 2.9 ikishuka hata kwa 0.7 tu inafika 2.2, na hapo ventrikali (vyumba vya chini vya moyo) huweza kuanza kutetemeka bila kusukuma damu, au misuli ya kupumua ikaacha kazi kwa mtu anayetegemea kupumua kwa nguvu ili pH isiporomoke. Mwongozo wa Marekani wa 2009 uliweka kizuizi kwenye 3.3: chini ya hapo insulini isubiri. Makubaliano ya kimataifa ya 2024 yamepandisha kizuizi hadi 3.5. Ketoasidosisi inaweza kuvumilia saa kadhaa bila insulini ikiwa maji yanaingia. Moyo wenye potasiamu ya 2.2 hauvumilii.

Saa nne za kwanza, bila insulini

Kanyula mbili kubwa ziliwekwa kwenye mikono, juu ya kifundo, mbali na kiwiko. Moja kwa ajili ya maji, nyingine kwa ajili ya potasiamu. Mashine ya kufuatilia moyo iliwashwa kabla ya tone la kwanza la potasiamu, na mkojo ukapimwa: mililita 60 ndani ya saa, juu ya kiwango cha chini cha 0.5 kwa kilo, yaani 26 kwake. Figo inayokojoa ndiyo ruhusa ya kutoa potasiamu kwa kasi.

Njia ya kwanza ilipitisha lita moja ya sodiamu kloridi 0.9% kwa saa moja. Njia ya pili ilipitisha mfuko wa mililita 500 wa sodiamu kloridi hiyo hiyo wenye potasiamu kloridi mmol 20, kwa kasi ya mililita 500 kwa saa. Huo ni mkolezo wa mmol 40 kwa lita, ambao ni mpaka wa kawaida kwa mshipa wa mkononi, na kasi ya mmol 20 kwa saa, ambayo haitolewi pasipo kufuatilia moyo. Ukitaka kasi kubwa zaidi au mkolezo mzito zaidi, unahitaji njia ya mshipa mkuu.

Hapa kwenye ampuli ndipo makosa ya kuua hutokea, kwa hiyo tutazame kwa karibu. Ampuli ya mililita 10 ya potasiamu kloridi haina kiasi kimoja. Ya 15% ina gramu 1.5, sawa na mmol 20. Ya 10% ina gramu 1, sawa na mmol 13.4. Ya 7.5% ina mmol 10. Agizo la "ampuli moja" halina maana, andika mmol. Ampuli haipigwi kwenye mshipa kamwe, wala haiingizwi kwenye mfuko ambao tayari umetundikwa na unatiririka. Myeyusho wa potasiamu ni mzito kuliko sodiamu kloridi 0.9%, hivyo huzama chini kwenye mlango wa mfuko, na mgonjwa akapokea karibu dozi yote ndani ya dakika za mwanzo. Shusha mfuko, funga mpira, ingiza dawa, geuza mfuko juu chini mara kumi hivi, bandika lebo yenye kiasi na saa, ndipo utundike. Mgonjwa akilalamika mkono unawaka, punguza kasi kidogo au hamisha mshipa. Usimwambie avumilie, kwa sababu mshipa unaowaka ndio unaokaribia kuvuja.

Magnesiamu salfeti gramu 2 (mmol 8) iliingia ndani ya mililita 100 kwa saa moja, ikitoka kwenye ampuli ya 50% yenye gramu 1 kwa kila mililita 2. Kichefuchefu hakikupewa ondansetroni, dawa ambayo mkono huifuata wenyewe kwa mtu anayetapika: hurefusha QT, na QT ya huyu ilikuwa imesharefuka. Maji yenyewe yalituliza kutapika ndani ya saa tatu.

Sodiamu kloridi 0.9% huwa inasemwa vibaya siku hizi kwa kuwa kloridi yake nyingi huleta asidosisi. Kwa mgonjwa huyu kloridi ndiyo dawa. Neli za figo zikipata kloridi na mwili ukijaa maji, aldosteroni inashuka na bikaboneti iliyozidi inatupwa. Myeyusho wenye lakteti ungemwongezea bikaboneti asiyoihitaji.

Potasiamu ilipimwa kila saa kwa mashine ya gesi: 3.0, 3.2, 3.4, 3.6. Damu ya vena inatosha kabisa kwa ufuatiliaji huu. pH yake huwa chini ya ile ya ateri kwa takriban 0.03, na hakuna sababu ya kumchoma mgonjwa kwenye ateri kila saa.

Saa ya nne: pH imeshuka, mgonjwa amepata nafuu

Presha 108/66, mapigo 98, ameweza kuketi mwenyewe. Sukari 24 bila insulini, kwa kuzimuliwa na maji na kukojolewa tu. Karatasi mpya: sodiamu 131, kloridi 91, bikaboneti 13, ketoni 5.2, PaCO2 28, pH 7.29.

Bikaboneti imepungua na pH imeteremka kidogo. Mtu anayetibu pH ataona matibabu yameshindwa na atanyoosha mkono kuchukua sodiamu bikaboneti. Lakini hesabu pengo: 131 − 91 − 13 = 27. Limepungua kwa 5. Asidi imepungua, ila alkalosisi iliyokuwa inaificha imepungua kwa haraka zaidi, kwa sababu maji na kloridi hutibu alkalosisi bila kusubiri insulini, ilhali kiwanda cha ketoni hakifungwi pasipo insulini. Ongezeko la pengo sasa ni 15, upungufu wa bikaboneti ni 11. Uwiano umetoka 2.0 hadi 1.4. Ugonjwa wa pili unaondoka.

Sodiamu bikaboneti kwa huyu ingekuwa kosa maradufu. Kwanza ingesukuma potasiamu ndani ya seli kama insulini inavyofanya. Pili, ketoni zilizomo kwenye damu ni bikaboneti inayosubiri: zikichomwa na mwili, kila moja hurudisha bikaboneti moja. Kinachoongezwa leo kingekuwa alkalosisi ya kesho, pamoja na kalsiamu huru kushuka na vidole kukakamaa. Miongozo huitaja bikaboneti pale pH inapokuwa chini ya 7.0, na hata hapo kwa tahadhari.

Insulini ilianza sasa, potasiamu ikiwa 3.6. Vipimo 50 vya insulini ya kawaida ndani ya mililita 50 za sodiamu kloridi 0.9%, kwenye pampu ya sindano, 0.1 kwa kilo kwa saa, yaani mililita 5.2 kwa saa. Hakuna dozi ya mpigo. Mililita 20 za mwanzo zilipitishwa kwenye mpira na kumwagwa, kwa sababu insulini hujishika kwenye plastiki na saa ya kwanza mgonjwa angepokea pungufu. Potasiamu iliendelea mmol 20 kwa saa.

Saa ya sita: kusimama tena

Baada ya saa moja ya insulini potasiamu ilikuwa 3.5, na baada ya mbili 3.3, licha ya mmol 40 zilizoingia katika muda huo. Hakuna cha ajabu. Seli zilizokuwa na njaa ya potasiamu zinakula kwanza. Sukari 18, ketoni 4.1.

Insulini ilisimamishwa. Uamuzi huu huwashtua watu, lakini insulini ya mshipani huondoka kwenye damu kwa dakika chache, kwa hiyo kuifunga ni breki inayofanya kazi, na saa moja haiwezi kurudisha ketoni zilipokuwa. Potasiamu iliendelea kwa kasi ile ile, magnesiamu ya gramu 2 ikarudiwa, na saa ya saba potasiamu ikawa 3.6. Insulini ikarudi kwa nusu ya dozi, 0.05 kwa kilo, mililita 2.6 kwa saa. Ketoni zilishuka vizuri tu kwa nusu dozi. Kiwango cha chini cha kuridhisha ni 0.5 kwa saa, na zake zilishuka kwa takriban 0.6. Dripu ilipunguzwa hadi mililita 200 kwa saa, bado na mmol 40 za potasiamu kwa lita.

Sukari ilipopita 14 kwenda chini, karibu na saa ya tisa, mfuko ulibadilishwa kuwa dekstrosi 5% ndani ya sodiamu kloridi 0.45%, potasiamu ikibaki ile ile. Kosa la kawaida hapa ni kuzima insulini kwa kuwa sukari imekuwa nzuri. Insulini bado inatakiwa kuzima ketoni; dekstrosi huongezwa ili kuipa insulini nafasi ya kuendelea.

Mwenendo mzima kwa saa (K ni potasiamu, Na sodiamu, Cl kloridi):

Saa 0: sukari 31, K 2.9, Na 128, Cl 82, bikaboneti 14, pengo 32, ketoni 6.1, pH 7.30
Saa 4: sukari 24, K 3.6, Na 131, Cl 91, bikaboneti 13, pengo 27, ketoni 5.2, pH 7.29
Saa 10: sukari 12, K 3.8, Na 136, Cl 101, bikaboneti 19, pengo 16, ketoni 2.2, pH 7.34
Saa 16: sukari 9.8, K 4.1, Na 138, Cl 103, bikaboneti 24, pengo 11, ketoni 0.4, pH 7.40

Sodiamu inapanda sukari inaposhuka, na osmolaliti inabaki kati ya 284 na 287 muda wote. Hivyo ndivyo inavyotakiwa; sukari ikishuka na sodiamu isipande, maji yanaingia kwenye ubongo na kasi ya dripu ipitiwe upya.

Jingine la kutazama kwenye mstari wa mwisho ni bikaboneti ya 24. Baada ya lita 6 hivi za dripu, ketoasidosisi tupu kwa kawaida huishia na pengo lililofungwa, kloridi ya 110 au zaidi na bikaboneti ya 17 au 18, kwa sababu ketoni nyingi zilikojolewa kabla hazijageuka kuwa bikaboneti na kloridi ikachukua nafasi yake. Huyu alikuwa na akiba ya bikaboneti kutokana na matapishi na upungufu wa kloridi uliomeza kile cha dripu. Mwisho huo unathibitisha, kwa kurudi nyuma, kwamba alkalosisi ilikuwepo kweli.

Kreatinini ilishuka kutoka 148 hadi 84. Sehemu ya kushuka huko ni maji, sehemu ni kemia: kwenye mashine zinazotumia mbinu ya Jaffe, asetoasetati (moja ya ketoni) husomwa kama kreatinini. Vivyo hivyo vijiti vya mkojo vya ketoni huona asetoasetati tu na si ketoni nyingine, beta-haidroksibutireti, na kwa kuwa ya pili hugeuka kuwa ya kwanza mgonjwa anapopona, kijiti kinaweza kukoza rangi mtu akiwa anapata nafuu. Kwa ufuatiliaji, ketoni za damu, au pengo zikikosekana hizo.

Fosfeti ilishuka hadi 0.45 saa ya kumi na haikutibiwa kwa mshipa. Isipokuwa chini ya 0.32 au misuli ya kupumua ikidhoofika, kuirudisha kwa dripu huleta hatari ya kushusha kalsiamu bila faida inayoonekana. Ilirudi kwa kula.

Kufunga pampu

Vigezo vya kupona vinavyotumika ni ketoni chini ya 0.6 pamoja na pH ya 7.3 au zaidi, au bikaboneti ya 18 au zaidi. Kwa mgonjwa huyu kigezo cha pH kilikuwa kimetimia mlangoni, kabla hajapewa hata tone moja la maji. Katika ugonjwa mchanganyiko uamuzi wa kufunga unatokana na ketoni na pengo.

Insulini yake ya muda mrefu ilidungwa chini ya ngozi saa 2 kabla ya kuzima pampu. Pampu ikizimwa kwanza, ndani ya nusu saa mgonjwa hana insulini kabisa na ketoni huanza upya.

Kwa jumla zilipita mmol 212 za potasiamu kwenye mshipa kwa saa 16, pungufu ya makadirio ya upungufu wote, na sehemu yake ilitoka tena kwenye mkojo. Potasiamu ya 4.1 kwenye damu kwa hiyo haina maana kwamba seli zimejaa. Aliendelea na vidonge vya potasiamu kloridi vya kutoa polepole, miligramu 600 kila kimoja (mmol 8), viwili mara tatu kwa siku kwa siku tano, vimezwe na glasi kamili ya maji akiwa ameketi wima kwa sababu kidonge kikikwama kooni huchoma. Maagizo ya nyumbani yaliandikwa kwa maneno machache: ukitapika, insulini ya muda mrefu haiachwi hata kama huli, pima sukari na ketoni kila saa 4, ketoni zikifika 1.5, au maji yakikataa kukaa tumboni, njoo siku hiyo hiyo. Potasiamu, magnesiamu na kreatinini zirudiwe baada ya siku saba.